SIKUKUU KATIKATI YA PALIZI

Ndugu msomaji, hebu chukua kalenda tuhesabu pamoja. Tarehe 9 Desemba ni siku ya Uhuru. Tarehe 25 ni Krismasi, na tarehe 26 ni mapumziko pia. Tarehe 1 Januari ni Mwaka Mpya. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi ya Zanzibar. Sikukuu tano ndani ya wiki tano!

Sasa weka kalenda chini, utazame shamba. Kwetu sisi wa mikoa ya kusini, kama Iringa, Mbeya na Ruvuma, mvua huanza Novemba. Ukipanda mahindi tarehe 28 Novemba, huota baada ya siku saba hivi, yaani tarehe 5 Desemba. Palizi ya kwanza hutakiwa wiki mbili mpaka tatu baada ya kuota. Hesabu mwenyewe: ni kati ya tarehe 19 na 26 Desemba. Yaani Krismasi na jembe vinagonga hodi siku moja.

Ndugu zetu Waislamu wanalijua jambo hili pia. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2000 Idi el Fitri iliangukia mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2024 iliangukia Aprili, wakati wa masika. Basi swali ni letu sote: tufanyeje ili tufurahi, na shamba lisilie?

Yaliyonikuta mimi

Mimi ni mwalimu, tena nafundisha watu wazima kupanga mambo yao. Lakini mwaka mmoja nilishindwa kupanga ya kwangu. Tarehe 23 Desemba tuliweka majembe chini. Wageni walikuja kutoka mjini, nami nikataka waone kwamba mwalimu anajiweza. Nilikopa dukani nguo za watoto, mchele, mafuta na soda. Tulikula, tulicheza, na mvua ikanyesha kila siku. Tuliporudi shambani tarehe 2 Januari, nyasi zilikuwa zimewapita mahindi kimo.

Magugu, ndugu msomaji, hayana sikukuu. Hunywa maji ya mahindi, hula mbolea ya mahindi na huziba jua. Mahindi machanga yakisongwa hivyo, hata ukipalilia baadaye hayarudii nguvu yake yote. Ekari iliyozoea kunipa magunia kumi ilinipa sita.

Deni la duka nalo lilidai. Niliuza debe tatu za mahindi kutoka kwenye akiba yetu. Debe moja ni kilo 18 hivi. Nyumba yangu ya watu sita hula kama kilo tatu kwa siku. Basi niliuza chakula cha siku 18. Mwezi wa Februari ghala lilipokwisha, nilinunua mahindi kama yale niliyouza, kwa bei ya juu zaidi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni neno la mke wangu. Nilimwambia, "Hata hivyo, sikukuu ilikuwa nzuri." Akajibu, "Ilikuwa nzuri kwako na kwa wageni, baba watoto. Mimi niliisikia kutoka jikoni." Nilinyamaza. Kweli, siku zote zile sikumwona ameketi.

Tangu hapo tulibadili mambo. Nawaeleza tunavyofanya.

1. Kaeni pamoja na daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi wa Novemba kaeni baba, mama na watoto wakubwa. Chora mistari upate safu tatu: kitu, bei, na fedha itatoka wapi. Andikeni kwanza vya Januari, halafu ndipo vya sikukuu. Ada katika shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Tena iko mbolea ya kukuzia. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kikiwa kidogo, basi sikukuu iwe ndogo. Na jambo moja tumeliwekea mwiko: chakula cha akiba hakiuzwi kwa ajili ya nguo mpya.

2. Anza sikukuu mwezi wa Juni

Msicheke. Kuku huatamia siku 21, na kifaranga wa kienyeji huchukua miezi mitano au sita mpaka afae kwa kitoweo. Basi vifaranga wa Juni ndio kitoweo cha Krismasi. Wachanje dhidi ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa huo unaweza kumaliza banda zima. Na wenye kibubu watie kidogo kidogo tangu mavuno. Haba na haba hujaza kibaba. Majirani nao wanaweza kuchangiana wakachinja mbuzi mmoja, kila nyumba ikapata fungu lake bila deni.

3. Palilia kwa zamu, pumzika bila wasiwasi

Sisi na majirani watatu huenda shamba moja leo, la pili kesho, mpaka yote manne yaishe kabla ya tarehe 24. Kazi ya wengi haichoshi, na maneno ya kuchekesha huwa mengi. Ikibaki sehemu, tunaenda tarehe 26 kuanzia alfajiri mpaka saa nne asubuhi, kisha tunaoga na kuendelea kupumzika.

Na wageni je? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaka uliofuata shemeji yangu wa mjini alipewa jembe. Malengelenge aliyapata, lakini alisema hajawahi kula pilau tamu kama ya siku ile.

4. Mama naye ana sikukuu

Jambo hili akina baba wengi hawapendi kulisikia, lakini nalisema. Kuni na maji viletwe siku moja kabla, na wavulana washiriki. Kuku achinjwe na kunyonyolewa na wanaume. Chakula kipikwe cha aina moja au mbili, si tano. Baada ya kula, vyombo vioshwe na watoto, wa kiume na wa kike. Mama akiketi mkekani saa nane mchana, akala chakula kingali moto na kuongea na wageni, hapo ndipo nyumba ina sikukuu.

5. Furaha nyingine haina bei

Watoto wangu hawakumbuki soda ya mwaka ule wa deni. Wanakumbuka jioni ambayo babu yao aliwaeleza jinsi alivyovuka mto uliofurika akiwa kijana. Wewe uliyejifunza kusoma, soma barua au gazeti kwa sauti, wazee wasikie. Andika majina ya ukoo wenu, bibi akikutajia. Imbeni, chezeni ngoma, mtembelee mgonjwa mkiwa na sahani ya chakula.

Ndugu msomaji, sikukuu ni pumziko la mtu aliyefanya kazi. Anayeacha palizi njiani hula nyama huku moyo uko shambani. Anayekopa hula huku moyo uko dukani. Lakini aliyepanga, hata akila ugali na kuku mmoja, moyo wake uko pale pale mkekani pamoja na watu wake. Mimi nimeonja yote mawili, nayajua.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika eneo lenu, sikukuu zipi huangukia wakati wa kazi nyingi?
2. Nyumba yako hula kilo ngapi kwa siku? Ukiuza debe mbili, umeuza chakula cha siku ngapi?
3. Siku ya sikukuu, nani nyumbani kwako hapumziki? Mtafanya nini mwaka huu?