Istilahi za Kuonja Mvinyo Mwekundu wa Bei Nafuu

Mfasiri anayepewa karatasi ya maelezo ya mvinyo mwekundu hukutana mapema na neno moja linalomponyoka, nalo ni "mkali". Katika Kiswahili cha kila siku pilipili ni kali, ndimu ni kali, gongo ni kali, na chai iliyokolea majani nayo ni kali. Katika mazungumzo jambo hilo halina madhara, kwa kuwa kitu kinachosemwa kipo mezani. Lakini katika hati ya zabuni, fomu ya ukaguzi au kitabu cha mwanafunzi wa hoteli, kitu chenyewe hakipo. Limebaki neno peke yake.

Suala hili linatuhusu. Mizabibu hulimwa Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, na huko Makutupora kipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Mkulima na mtengenezaji wakiambiwa tu kwamba mvinyo wao ni mkali, hawajui warekebishe nini: wachelewe kuvuna, wayatoe maganda mapema zaidi, au wapunguze kileo? Neno lisilopambanua linaweza kumtia mtu hasara.

Kabla ya kuingia katika ladha, yafaa tuiweke bei mahali pake. Neno "rahisi" lina maana ya bei ndogo na pia ya kitu kisicho kigumu. "Hafifu" ni hukumu juu ya ubora. Tunapendekeza "wa bei nafuu", ambalo halihukumu. Tahadhari hii ina msingi. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya majaribio yaliyofanywa Marekani, ambamo watu walionja mivinyo bila kuambiwa bei yake, na zaidi ya alama 6,000 zilikusanywa. Wale wasio na mafunzo, kwa wastani, waliupenda mvinyo wa bei kubwa kidogo pungufu kuliko ule wa bei ndogo. Kwa hiyo bei isiandikwe katika fomu kabla ya ladha.

Uonjaji una hatua tatu: kutazama, kunusa na kuonja. Mwonjaji humimina mvinyo usizidi theluthi moja ya bilauri, huutazama mbele ya kitu cheupe, huuzungusha ili harufu ipande, hunusa, kisha huuzungusha kinywani na kuutema. Aangalie pia jicho lisiutangulie ulimi. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walieleza jinsi walivyoutia rangi nyekundu isiyo na harufu mvinyo mweupe, wakawapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Wanafunzi hao waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Rangi ilikuwa imekwisha kuwachagulia maneno.

Sasa tuzitazame istilahi zenyewe.

(a) Uchachu. Hii ni ladha ya asidi. Asidi kuu ya zabibu ni ya tartari, ambayo imo pia kwa wingi katika ukwaju. Kwa hiyo anayejua ukwaju anaijua. Uchachu wa kiasi huupa mvinyo uchangamfu. Usichanganywe na kuchacha, yaani kuharibika: mvinyo uliogeuka hunuka siki, na hapo tuandike "una harufu ya siki".

(b) Ukakasi. Huu si ladha hasa bali ni mguso: kinywa hukauka na ulimi hugwaruzwa, kama mtu aliyekula bibo au ndizi mbichi. Hutokana na tanini zilizomo katika maganda, mbegu na vikonyo, ambazo hujishikiza kwenye protini za mate. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana huwa na ukakasi kuliko mweupe.

(c) Uchungu. Ladha ya mwarobaini na kwinini. Watu wengi huuchanganya na ukakasi, kwa kuwa chai iliyokaa mno jikoni huwa na vyote viwili. Uchungu huonjwa, ukakasi huguswa.

(d) Ukali. Tunapendekeza neno hili libakizwe kwa ule moto wa kileo unaosikika kooni, na daima liandikwe "ukali wa kileo".

(e) Kutokuwa na sukari. Waingereza hutumia hapa neno lao la ukavu, na baadhi ya wafasiri wameandika "mvinyo mkavu". Msomaji atajiuliza kimiminiko kinakuwaje kikavu. Vibaya zaidi, atadhani ndio ule ukaushaji wa kinywa tuliouita ukakasi. "Mvinyo usio na sukari" ni refu, lakini halipotoshi.

(f) Ladha baki. Ile inayodumu kinywani baada ya kumeza au kutema. Mvinyo wa bei nafuu mara nyingi una ladha baki fupi. Hilo ni elezo, wala si kosa.

Harufu ndiyo ngumu zaidi, na hapa tuna la kujifunza kwa Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha duara la istilahi za harufu ya mvinyo. Waliyaacha maneno ya sifa tupu, kama vile "bora" au "wa fahari", wakabakiza yale yanayoweza kuoneshwa kwa sampuli: tunda, kiungo au jani lililotiwa katika mvinyo wa kawaida ili wote walinuse. Nasi tuna karafuu, pilipili manga, zambarau, moshi wa kuni na majani mabichi. Istilahi ya ladha na harufu haithibitishwi na kamusi peke yake. Huthibitishwa na sampuli ambayo watu wawili wameinusa wakakubaliana.

Hivyo badala ya kuandika "mvinyo rahisi, mkali, si mbaya", mfasiri aweza kuandika: "Mvinyo mwekundu wa bei nafuu, usio na sukari, una harufu ya zambarau na pilipili manga, uchachu wa kiasi na ukakasi mwingi, ukali wa kileo ni mdogo, na ladha baki ni fupi." Sentensi ya pili humwambia mtengenezaji la kufanya, na humwachia mnunuzi hukumu yake.

Wala si lazima mfasiri awe mnywaji. Ukwaju, bibo na chai nzito vitamfundisha tofauti hizi katika alasiri moja. Tunawaomba walimu na wafasiri wavijaribu vipimo hivyo, kisha watuletee maneno ya sehemu zao, hasa ya ukakasi, ili yalinganishwe kabla ya orodha hii kupendekezwa kwa usanifishaji.