Mkwaruzo Mdogo, Maumivu Makubwa

Kimbunga Ian kilipotua kusini-magharibi mwa Florida, Septemba 28, 2022, bahari iliingia hadi sebuleni. Maji yalipopungua, wenye nyumba walirudi kuzoa tope na kukokota makochi yaliyolowa. Wengi ni wastaafu waliohamia huko kufuata jua. Katika pilikapilika hizo, mguu ukikwaruzwa na bati, nani ataushughulikia?

Mwaka uliotangulia jimbo hilo liliandikisha wagonjwa 34 wa bakteria aitwaye Vibrio vulnificus. Mwaka wa kimbunga walifika 74, 17 wakafa.

Bakteria huyu ni wa ukoo mmoja na yule wa kipindupindu. Makazi yake ni maji ya vuguvugu yenye chumvi kiasi, pale mto unapokutana na bahari, na mafuriko humsogeza hadi mlangoni mwa watu. Humwingia mtu kwa chaza wabichi, au kwa kidonda. Jina lake la Kilatini maana yake ni mtia majeraha, hakusingiziwa.

Kijana mwenye afya huweza kuogelea maji hayohayo asipatwe na lolote. Mzee ngozi yake imekuwa nyembamba, kisukari pengine kimeshamtia ganzi nyayo, na ini likiwa bovu madini ya chuma huzidi katika damu, nayo kwa bakteria huyu ni kama mbolea. Hata homa, ambayo sote tumeizoea kuwa ndiyo kengele, kwa mtu wa miaka 75 huenda isije.

Dalili ya kushika ni maumivu yasiyolingana na kidonda. Juu unaona wekundu kidogo, lakini mgonjwa anasaga meno. Na wazee, wa huko kama wa kwetu, hodari sana wa kusema "kitapona tu". Baada ya saa chache huja malengelenge yenye damu, ngozi hugeuka zambarau, kisha maumivu huweza kutulia ghafla kwa kuwa neva zimekufa. Jamaa humshukuru Mungu wakati ndipo hatari imekomaa.

Dawa zipo, lakini husafiri kwa damu, na nyama iliyokufa haifikiwi na damu. Hivyo daktari wa upasuaji hukata, kesho yake hurudi kukata tena, na pengine mguu mzima huondolewa. Hospitalini wekundu huzungushiwa mstari wa kalamu, na saa huandikwa pembeni. Wekundu ukiuvuka mstari huo upesi, majibu ya maabara hayangojwi.