Nani Anakusomea Barua Zako?

Toa noti mfukoni, yoyote ile. Funga macho, na usichungulie. Sasa pitisha kidole polepole ukingoni. Unasikia vijistari vilivyoinuka? Noti ya 50 ina kimoja, ya 100 viwili, ya 200 vitatu, ya 500 vinne na ya 1,000 vitano. Noti hizi zilitoka 2019, na vijistari hivyo si urembo. Viko pale ili mtu asiyeona ajue konda amemrudishia ngapi bila kumuuliza konda mwenyewe.

Kwa pesa, basi, tumejaribu. Barua je?

Chukua mkulima wa chai hapa kwetu Bomet, tuseme upande wa Kapkoros au Mogogosiek, ambaye haoni. Shamba ni lake, jasho ni lake. Msimu wa bonasi unafika, anapewa karatasi yenye kilo zake, makato ya mbolea na kinachobaki. Kwa kidole, karatasi hiyo ni laini kutoka juu hadi chini. Bonasi nono na bonasi ya machozi zinafanana kabisa. Inabidi amwite mtoto wa jirani: "Hebu njoo unisomee hapa." Mtoto anasoma vizuri tu. Kufikia jioni, ridge nzima inajua mzee amepata ngapi, na wakopaji washaanza kubisha mlango.

Hiyo ni bonasi. Sasa weka majibu ya hospitali hapo. Weka barua ya benki. Weka makubaliano ya kuuza robo ekari, ambapo anayekusomea ndiye huyo huyo anayenunua, halafu anakushika mkono akuonyeshe pa kuweka kidole gumba. Hapo hatuongelei aibu tena. Tunaongelea shamba linaondoka.

Utaniambia, "Si kuna breli?" Iko, na ni poa sana. Louis Braille, kijana Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto, aliitengeneza miaka ya 1820 kabla hata hajafika miaka 20. Hapa Kenya, shule ya wasioona ya Thika ipo tangu 1946. Lakini jiulize: lini mara ya mwisho uliona barua ya benki, ya chifu au ya kiwanda cha chai imeandikwa kwa breli? Mtu anaweza kusoma breli kwa kasi ya ajabu na bado ashindwe na bahasha iliyofika leo asubuhi, kwa sababu dunia inaandika kwa wino.

Kuna mtu aliwahi kulichukulia hili kama shida ya kiufundi. John Linvill alikuwa profesa wa umeme Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na binti yake Candy alikuwa kipofu tangu utotoni. Linvill hakutaka maandishi yote ya dunia yageuzwe breli kwanza. Alitaka binti yake asome karatasi ile ile wanayosoma wengine. Yeye na mwenzake James Bliss wakaunda mashine iliyoitwa Optacon, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kuuzwa.

Ilifanya hivi. Mkono mmoja unashika kamera ndogo na kuiburuta juu ya mstari wa maandishi. Kidole cha shahada cha mkono mwingine kinalala kwenye kijishimo chenye pini ndogo 144, safu 24 kwa 6. Kamera ikiona weusi wa wino, pini za sehemu hiyo zinatetemeka. Ukipita juu ya herufi O, unasikia duara likipita chini ya kidole. Ukipita juu ya T, unasikia mlingoti na kofia yake. Hiyo si breli bana. Ni herufi yenyewe, umbo lake, kwenye ngozi yako.

Haikuwa mteremko. Watu walifanya mazoezi kwa wiki nyingi, na wengi walisoma polepole kuliko breli. Mwandiko wa mkono ulikuwa mgumu zaidi, maana kila mtu ana mikunjo yake. Bei nayo ilikuwa noma, maelfu ya dola. Lakini waliozoea waliipenda kwa sababu moja: bahasha ikifika, wanafungua wenyewe, wanasoma wenyewe, wanajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Candy mwenyewe aliitumia, akasoma hadi akawa daktari wa saikolojia.

Halafu zikaja mashine za kusoma kwa sauti. Ya Ray Kurzweil ilitoka 1976, na mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa kwanza. Sauti ilikuwa rahisi kujifunza kuliko pini. Mwaka 1996 Optacon ikaacha kutengenezwa.

Leo kazi hiyo iko kwenye simu. Ukiwa na Android, ingia kwenye mipangilio uwashe TalkBack, simu itakusomea skrini. Programu kama Lookout na Seeing AI zinapiga picha ya karatasi na kusoma maandishi yake, na ni za bure. Kwa hivyo kama una kogo nyumbani ambaye macho yamemwishia, anza hapo. Mwekee, mfunze, mnunulie earphone. Bila earphone, simu itatangaza salio lake ndani ya matatu nzima ya Sotik.

Lakini usidhani mchezo umeisha. Karatasi iliyokunjwa, wino uliofifia na mwandiko wa haraka bado vinaichanganya simu. Sauti ya Kiingereza ikikutana na jina kama Chepng'eno, inalichinja. Na sauti inakupa maneno tu. Kidole kilikuwa kinaonyesha pia mahali lilipo neno: hapa ndipo pa sahihi, hii ni tarehe, hii namba iko kwenye safu ya makato. Ndiyo maana kuna watu walizitunza Optacon zao miaka mingi baada ya kiwanda kuziacha.

Sasa turudi kwako wewe unayeona. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli au njia nyingine inayofaa ya mawasiliano, na ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 330,000 wenye shida ya kuona. Serikali ina deni hapo, sawa. Lakini kuna mambo hayahitaji bajeti.

Wewe ni katibu wa chama? Usipige picha ya daftari la mikutano ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp. TalkBack ikifika hapo huenda ikasema tu kuna picha, basi. Charaza maneno yenyewe. Unaandika tangazo la kanisa au la bursari? Tumia maandishi ya kompyuta, meusi kwenye karatasi nyeupe, na utume pia kama ujumbe wa kawaida. Ile PDF iliyoskaniwa kutoka karatasi ni ukuta mtupu kwa programu nyingi za kusoma skrini.

Na mzee akikuita umsomee, soma kila kitu, hadi yale maandishi madogo ya chini. Soma namba mara mbili. Usifupishe kwa kusema "ni mambo ya makato tu." Huenda makato ndiyo alitaka kusikia. Ukimaliza, mrudishie karatasi yake mkononi, na uliyoyasoma yabaki kwake.