Safari Rally na Njia ya Pwani

Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwishoni mwa Mei 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi ambazo wakati huo zote zilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka huo hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla, kwa kuwa magari yaligawanywa katika madaraja kufuatana na bei zake. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda kwa Volkswagen, gari dogo la kawaida ambalo mtu yeyote mwenye uwezo angeweza kulinunua.

Utaratibu wa zamani wafaa kuelezwa, kwani bila ya kuujua, orodha ya washindi haisemi mengi. Barabara hazikufungwa: magari yaliachiwa moja baada ya jingine, yakapishana na malori, mabasi na ng'ombe, na kila moja lilitakiwa kufika katika vituo vya kukagulia muda kwa saa iliyopangwa, ambapo kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Aliyekusanya adhabu chache kuliko wenzake, baada ya maelfu ya kilomita, ndiye aliyeshinda. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele kwa ajili ya wanyama, na baadaye taa za ziada juu ya mabawa ya mbele, zipate kuonekana na dereva wa lori aliyegubikwa na vumbi.

Kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa mahali pa kugeuzia. Kutoka Nairobi hadi pwani ni takriban kilomita 480 kwa barabara kuu, lakini waandaaji waliwazungusha madereva katika njia za milima ya Taita, zenye kona kali na udongo unaoteleza mvua ikinyesha, ndipo wakateremka hadi Makupa na kuingia kisiwani. Mji wa Kale wenyewe, ambao vichochoro vyake vilikuwapo kabla ya gari kubuniwa na ambamo mkokoteni tu hupita kwa kuombana njia, haungeweza kuwa uwanja wa mbio hizo.

Mashindano yalipohamishiwa siku za Pasaka, majira ya masika, tope likawa mpinzani mkubwa kuliko dereva yeyote. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakamaliza 7. Nick Nowicki alishinda mara zote hizo mbili kwa Peugeot 404, na hilo haliwezi kuitwa bahati. Hadi 1971 washindi wote walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki, akiwemo Bert Shankland wa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967. Hannu Mikkola wa Finland ndiye mgeni wa kwanza kuwashinda wenyeji, mwaka 1972.

Wenyeji wawili wastahili kutajwa kwa kituo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuikimbia wakati wa Idi Amin, alishinda 1973, mwaka ambao Ubingwa wa Dunia wa rali ulianzishwa, baada ya kufungana kwa adhabu na Harry Källström wa Sweden, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Rekodi hiyo ya ushindi mara tano haijavunjwa.

Baadaye viwanda vya magari vilileta helikopta na makundi ya mafundi, na ujuzi wa mwenyeji ukapungua thamani. Ian Duncan, 1994, ndiye Mkenya wa mwisho kushinda katika ngazi ya dunia. Baada ya 2002 mashindano yaliondolewa katika ubingwa huo, na yaliporudi 2021 yalikuwa na takriban kilomita 320 za ushindani kwenye njia zilizofungwa karibu na Naivasha, mbali kabisa na bahari. Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä walishinda mara mbili kila mmoja kati ya 2021 na 2024, na Toyota ilitwaa nafasi nne za kwanza 2022 na 2023. Ni kazi ya kitaalamu sana, ingawa si mchezo uleule.

Mchezo wa zamani unaendelezwa na East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa 2003, ambayo mara kadhaa yameanzia au kumalizikia Mombasa. Björn Waldegård wa Sweden, mshindi wa Safari Rally mara nne kati ya 1977 na 1990, aliyashinda 2007, na tena 2011 kwa Porsche 911 akiwa na umri wa miaka 68, mwanawe Mathias akiwa ndiye mwelekezi, yaani msomaji wa njia anayeketi kando ya dereva.