Karatasi Mbili za Mtafuta Kazi

Kila mwaka vijana wetu kwa maelfu humaliza masomo, na mlango wa kwanza wanaoubisha ni mlango wa kazi. Mlango huu siku hizi haubishwi kwa mkono, hubishwa kwa karatasi. Karatasi hiyo huitwa CV, na pengine huitwa rezume, na wengi hudhani ya kuwa hayo ni majina mawili ya kitu kimoja. Sivyo. Na kwa kuwa dhana hiyo humpotezea kijana nafasi ambayo huenda aliistahiki, tumeona yafaa tulieleze jambo hili, wapate kufaidika vijana na wazazi wao pia, maana aghalabu mzazi ndiye anayetoa fedha za kuchapisha karatasi hizo na nauli ya kuzipeleka.

CV ni kifupi cha maneno mawili ya Kilatini, curriculum vitae, yaani mwendo wa maisha. Waarabu huiita sira dhatia, na neno sira msomaji wetu hahitaji kufasiriwa. Basi CV khasa ni habari kamili ya mtu katika elimu na kazi: shule alizosoma, shahada alizopata, kazi alizofanya, maandishi aliyoyatoa, mikutano ya wataalamu aliyohudhuria na tuzo alizopewa, kila kimoja na mwaka wake. Haina mpaka wa kurasa. Mwanachuoni wa miaka 30 aweza kuwa na CV ya kurasa 20, na hapana atakayemlaumu. Ama rezume ni neno la Kifaransa, maana yake ni kitu kilichofupishwa. (La ajabu ni kuwa Wafaransa wenyewe wakiomba kazi hawalitumii neno hilo, wao husema CV.) Waliolishika ni Wamarekani, na kwao rezume ni ukurasa mmoja, au kurasa mbili kwa mtu mwenye kazi nyingi nyuma yake, na hutengenezwa kwa ajili ya kazi moja inayoombwa, si nyingine. Huko CV huombwa zaidi na vyuo vikuu na mahali pa utafiti.

Lau mambo yangelikuwa hivyo duniani kote, tungelikomea hapa. Lakini Waingereza huita kila kitu CV, hata ile karatasi fupi ya kurasa mbili ambayo Mmarekani angeliita rezume. Nasi Kenya na Tanzania tumefuata desturi ya Uingereza. Kwa hiyo kijana anayesoma tangazo la benki Mombasa au Dar es Salaam lililotaka CV, akapeleka kurasa 8 zenye habari za tangu darasa la kwanza, amepeleka kitu ambacho hakikutakiwa. Na yule anayeomba masomo ya juu, akapeleka ukurasa mmoja kwa kuwa amesikia ya kwamba ufupi ndio uzuri, naye amejipunja. Lisiangaliwe jina peke yake. Yatazamwe tangazo linataka nini, na atakayeisoma karatasi ni nani.

Tutoe mfano. Tuseme yuko kijana wa Tanga aliyesoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wakati wa likizo alikuwa akiuza katika duka la mjomba wake na kuandika daftari la mapato. Alikaa miezi 3 katika shamba la mkonge kwa mafunzo ya kazi. Jioni alisomesha watoto Kurani. Na alipokuwa akimaliza chuo aliandika utafiti juu ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaoharibu maua ya mikorosho. Sasa ameona matangazo mawili: kampuni ya Mtwara yataka mtu wa kununua korosho kwa wakulima, na chuo kikuu kimoja cha Ulaya kinatoa nafasi ya shahada ya pili katika magonjwa ya mimea.

Kwa kampuni ya Mtwara karatasi yake iwe fupi, na duka la mjomba lipande juu. Wengi wetu huona haya kulitaja duka, wakidhani ni jambo dogo lisilofaa mbele ya shahada. Lakini mwenye kampuni anatafuta mtu ajuaye kupima, kuhesabu fedha, kuandika daftari lisilo na pengo na kusema na watu bila ya kugombana nao, na hayo kijana aliyajifunza dukani kabla hajaingia chuoni. Aandike ni miaka mingapi, alikuwa akifanya nini, na kama alikabidhiwa funguo za sanduku la fedha aseme. Kusomesha watoto kutaonyesha subira yake na kuaminiwa kwake na wazazi. Utafiti wa ubwiri unga utajwe kwa mstari mmoja au miwili. Kwa chuo cha Ulaya mambo hugeuka: utafiti ndio utakaotangulia, na jina lake lote, na mwalimu aliyeusimamia, na njia alizozitumia shambani na katika maabara, na alama alizopata katika masomo yanayohusu. Duka lililokuwa bwana kule, huku litakaa mwisho, na likikosa nafasi si kitu. Kijana ni yule yule, na hapana neno la uongo katika karatasi yo yote kati ya hizo mbili.

Hila hii si ya jana. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, yapata mwaka 1482 alitunga barua ya kuomba kazi kwa mtawala wa Milan. Mtawala yule alihitaji watu wa vita. Basi Leonardo akaeleza madaraja na mizinga na magari ya vita awezayo kuyatengeneza, na uchoraji, ambao ndio uliompa jina mpaka leo, akautaja mwishoni kabisa. Nasi tunao mfano wa kale zaidi: Nabii Yusuf, alipotaka kuwekwa juu ya hazina ya Misri, alimtajia mfalme sifa mbili tu, nazo ndizo kazi ile ilizozihitaji.

Liko jingine linalowachanganya vijana, nalo ni habari za nafsi. Marekani rezume haitiwi picha, wala umri, wala dini, wala kama mtu ameoa au hakuoa. Sheria yao ya mwaka 1964 ilikataza kumbagua mtafuta kazi kwa rangi, dini, jinsi au asili yake, na ya mwaka 1967 ikawalinda wenye miaka 40 na zaidi. Basi waajiri wengi hawapendi hata kuyaona mambo hayo. Lakini ndugu zetu waombao kazi Oman, Dubai au Qatar watakuta aghalabu yatakiwa picha, uraia na tarehe ya kuzaliwa. Karatasi iliyosifiwa huku yaweza kuwa na upungufu kule.

Sasa tuseme juu ya uongo, maana ndipo wengi wanapoangukia. Kupunguza kumeruhusiwa, rezume yenyewe ni kupunguza. Kuzidisha ndiko kusikoruhusiwa. Aliyeuza dukani asijiite meneja wa mauzo, na aliyeacha chuo mwaka wa pili asiandike shahada. Tanzania, mwezi wa Aprili 2017, serikali ilipokagua vyeti ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wengi walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka na miaka, wana watoto shuleni. Kenya nako, mwezi wa Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitaja vyeti 2,067 vya namna hiyo.

Ama dada aliyekaa nyumbani miaka 4 akilea, asilifiche pengo hilo kwa kubadilisha miaka. Aandike miaka yake kama ilivyo, na kama alishona au alipika kwa kuuza, aiandike kazi hiyo kwa jina lake.

Wenye kuomba kazi za serikali Tanzania wajue ya kuwa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka maelezo binafsi yenye anwani, simu inayopatikana, na majina ya wadhamini 3. Mdhamini aombwe ruhusa kabla ya jina lake kuandikwa, tena apewe nakala ya karatasi ile ile iliyopelekwa, ili akipigiwa simu ajue kijana wake ameomba kazi gani.