Kompyuta Iibiwe, Kitabu Kibaki



Safari hii tunazungumza juu ya kompyuta. Najua wengine mtasema, sisi bado tuko na daftari na kalamu, kompyuta ni ya watu wa ofisi. Lakini vikundi vinavyoweka hesabu kwa kompyuta vimekuwa vingi, kutoka Kwanza na Endebess mpaka Kimilili na Chwele, na shida zake zimeanza kutufikia.

Kikundi kimoja upande wa Kwanza (hatutakitaja jina, wenyewe wameaibika vya kutosha) kilikuwa na laptopu moja. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: hisa za wanachama, nani amekopa, nani amelipa, orodha ya mbolea waliyonunua pamoja, namba za vitambulisho na za simu. Ilikuwa inalala kwa mweka hazina. Usiku mmoja wezi wakavunja mlango wakaichukua. Tulipowatembelea, mzee mwenyekiti akauliza kwa upole, "Mama, na ile kopi tuliambiwa tuweke, iko wapi?" Mama akajibu, "Ilikuwa kwa flashi, mzee." "Na flashi?" "Ilikuwa kwa mfuko ule ule wa kompyuta."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Laptopu yenyewe ingenunuliwa nyingine. Lakini kila aliyekuwa na mkopo alikumbuka kwamba amelipa zaidi ya vile wenzake walivyokumbuka. Ilikuwa kazi ya miezi kukusanya risiti na kusoma ujumbe wa M-Pesa simu kwa simu, na wanachama wawili walitoka kikundini wakiwa na hasira. Mmoja wao, kwa maoni yangu, alikuwa anasema ukweli.

Swali ni hili: je, kuna njia ya kufanya kazi na kompyuta bila kitabu cha kikundi kukaa ndani ya ile kompyuta iliyo nyumbani? Iko. Makampuni mengi duniani yanaitumia siku hizi, na hapa tutaiita meza ya mbali.

Ili tuielewe, tuanze na kitu ambacho kila mtu anakijua. M-Pesa ilianza Machi 2007. Simu yako ikianguka chooni, pesa hazizami nayo. Unaenda na kitambulisho, unarudishiwa laini, unakuta salio liko vile uliliacha. Kwa nini? Kwa sababu pesa hazikuwa ndani ya simu hata siku moja. Hesabu iko kwa kompyuta kubwa za kampuni, na simu ni dirisha tu la kuchungulia. Tena kabla ya mwaka 2015 kompyuta hizo hazikuwa hata Kenya. Mwaka huo ndipo zilipohamishwa kutoka Ujerumani zikaletwa hapa. Mama wa Kwanza alikuwa akimtumia mtoto wake pesa Bungoma, hesabu inaandikwa Ulaya, wala yeye hana habari.

Meza ya mbali ni hivyo hivyo, ila badala ya salio la pesa ni kompyuta nzima. Katibu anakaa mbele ya laptopu yake, anafungua programu ndogo, anaandika jina lake na neno la siri, kisha namba nyingine inayotokea kwa simu yake. Mbele yake inafunguka meza ya kazi kama ile ya kawaida, iko na Excel, iko na barua, iko na kitabu cha mikopo. Anaweza kufikiri iko hapo ndani. Kumbe anachokiona ni picha. Kompyuta yenyewe inayofanya kazi iko ndani ya jumba kubwa lenye walinzi, jenereta na mitambo ya kupoza hewa, na kikundi kinaikodi kwa mwezi kama mtu anavyokodi duka sokoni. Ukibonyeza herufi, ile herufi inasafiri kwa intaneti, inaandikwa kule, na picha ya ukurasa inarudi kwako kabla hujapepesa jicho. Ikiwa mpango umepangwa vizuri, faili haishuki kabisa kwa laptopu, na hata flashi ikichomekwa haipokelewi.

Mwizi akija, anapata chuma na kioo. Asubuhi katibu anaenda saiba, au anaazima kompyuta ya shule, anaingia na kukuta hata ile sentensi aliyokuwa ameiacha katikati.

Watu huita mpango huu wingu, jina ambalo linapoteza wengi, kwa sababu hakuna kitu juu mawinguni. Ni majengo. Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini Machi 2019, na Amazon ikafungua Cape Town Aprili 2020. Hata ile huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta za mbali, iliyoanza mwaka 2006, ilitengenezwa na wahandisi waliokuwa wakifanya kazi Cape Town. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba ni mambo ya Wazungu peke yao.

Mwizi wa mlango si adui peke yake. Mei 2017 virusi vinavyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zaidi ya 150, vikafunga faili zote na kudai malipo ili vifungue. Hospitali nyingi za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa yake, yaani marekebisho ya programu, ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo huo, lakini wengi walikuwa hawajaiweka. Ndivyo ilivyo hata kwetu: nani kikundini ana wakati, au bando, la kuweka marekebisho kila mwezi? Kwenye meza za mbali msimamizi mmoja anaweza kuwawekea watu wote kwa mara moja. Ila msidanganyike. Katibu akifungua barua mbaya akiwa ndani ya meza ya mbali, faili za kule nazo zitafungwa. Ndiyo maana mkizungumza na muuzaji, swali la kwanza liwe: mnaweka nakala kila siku, na mnaweza kuturudisha nyuma siku ngapi? Wengine huuza meza bila nakala, na nakala inalipiwa kando. Akianza kuzungukazunguka, ondokeni.

Kuna faida moja ambayo mimi naiona kubwa kuliko mwizi wa usiku, nayo ni karani anayeondoka. Karani akitoka kwa ugomvi na laptopu iko kwake, anatoka na orodha yote ya wanachama, na anaweza kupeleka kwa anayetaka. Kwenye meza ya mbali mwenyekiti anampigia msimamizi simu, jina la karani linafungwa saa ile ile, na laptopu aliyonayo inabaki bure. Hakuna kubembelezana.

Sasa ubaya wake. Kufuli haikuondolewa, imehama tu kutoka mlangoni ikaingia kwa neno la siri. Nimeona mimi mwenyewe neno la siri likiwa limeandikwa kwa karatasi na kubandikwa chini ya laptopu. Hiyo ni sawa na kufunga duka na kuacha ufunguo kwa kitasa. Halafu kuna hawa matapeli wa simu, mnawajua: "Nimekutumia namba kwa makosa, nisomee." Ile namba ya pili inayokuja kwa simu haisomewi mtu, hata akisema anapiga kutoka kampuni. Tena wako wanaofanya laini ya mtu isajiliwe upya kwa simu yao, ujumbe wote unaenda kwao. Kwa hiyo ni heri ile namba itoke kwa programu iliyo ndani ya simu yenyewe kuliko ujumbe mfupi.

Halafu mtandao. Meza ya mbali haihitaji bando kubwa sana kwa kazi ya hesabu na barua, lakini inahitaji mtandao usiokatikakatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Uganda na zaidi Tanzania. Mtu ambaye meza yake ilikuwa Cape Town alingoja. Siku kama hiyo kitabu cha risiti cha karatasi ndicho kinachookoa kazi: andika leo, ingiza mtandao ukirudi. Karatasi hatuachi. Na printa! Printa iko hapa, meza iko kule, na kuzikutanisha hizo mbili kunanitoa jasho mpaka leo.

Tuje kwa pesa. Meza ndogo ya Windows huanzia karibu dola 30 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi kama 130, hiyo ni shilingi 3,900. Makarani wanne ni 15,600 kwa mwezi, yaani 187,200 kwa mwaka. Kwa chama cha ushirika chenye vituo vinne vya kupokea maziwa, makarani wanne na mikopo ya mamilioni, naona inafaa kufikiriwa, maana kosa moja linaweza kula zaidi ya hiyo. Wajaribu na karani mmoja kwa miezi miwili, tena msimu wa mvua wakati stima inapotea, ndipo wajue ukweli wake.

Lakini kwa kikundi cha watu 25 wanaokutana mara moja kwa mwezi, nasema hapana. Hizo pesa nunueni mbolea. Kwenu kuna njia ndogo yenye wazo lile lile. Fungueni akaunti ya intaneti kwa jina la kikundi, isiwe ya katibu binafsi. Google inatoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, na kitabu cha mikopo cha kikundi hakitaijaza hata katika miaka kumi. Kitabu kikae huko, watu wawili wawe na ruhusa ya kuandika, mmoja zaidi awe na ruhusa ya kusoma tu. Laptopu ifungwe kwa neno la siri na diski yake ifichwe kwa maandishi ya siri, fundi wa saiba anaweza kuwaonyesha. Bila hiyo, mwizi huchomoa diski, akaichomeka kwa kompyuta nyingine na kusoma kila kitu.

Hapa kuna jambo ambalo vikundi vingi havijalisikia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata ninyi mnaoandika namba za vitambulisho vya watu. Data ikiangukia mikono mibaya na wenyewe wakawa katika hatari ya kudhurika, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Na mkiweka data za wanachama kwa kompyuta iliyo nje ya nchi, sheria hiyo inataka mhakikishe zinalindwa huko pia. Kwa hiyo muulizeni muuzaji: jengo liko nchi gani? Wanachama nao waambiwe kwenye mkutano, na iandikwe kwenye kumbukumbu.

Kile kikundi cha Kwanza hakikuchukua meza ya mbali. Kilinunua laptopu ya mitumba, kikafungua akaunti kwa jina la kikundi, na kila mkutano ukurasa wa mikopo unachapishwa na kusomwa kwa sauti, kila mtu anasikia deni lake na kutia sahihi. Mama bado ni mweka hazina. Flashi siku hizi inalala kwa mzee mwenyekiti, ng'ambo ya mto.