Maji ya bomba si ya ordinatere

Ordinatere ya chama chetu hapa Kakontwe inapozwa kwa maji, sawa na moteri ya gari. Pampu ndogo inayasukuma maji, yanachukua moto wa mashine na kuupeleka kwenye radiatere.

Maji yalipopungua, tuliongeza ya bomba. Tuliona ni yale yale tunayokunywa. Mwezi wa 10, joto lilipokuwa kali, ordinatere ikaanza kuzimika yenyewe, nayo ndiyo ilikuwa na hesabu zote za likelemba! Fundi alipoifungua alikuta ukoko mweupe, kama ule tunaoukwangua ndani ya birika. Udongo wetu ni wa mawe ya chokaa, na chokaa hiyo inaingia hata majini.

Hesabu zilipona, nasi tumejifunza:

– Tunatia maji yaliyotolewa chumvi zote, na kuyabadilisha kila mwaka.
– Wakati wa kiangazi tunapangusa vumbi kwenye feni na radiatere kila wiki mbili, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.
– Ilipokuwa nzito, tuliiongezea memori tu, hatukununua nyingine.
– Hesabu za likelemba tunaziandika pia kwenye daftari.

Fedha ya wamama haitegemei mashine moja.